Maswali ya Kibodi: Waulize Vidole

Mwezi uliopita nilitaja, kwa mstari mmoja tu, kwamba kazini natumia VS Code, edita ya Microsoft (edita ni programu ya kuandikia programu), iliyofungwa vitufe vya Vim, edita kongwe inayoendeshwa kwa kibodi bila mausi. Mhariri ameniomba nisirudie. Watu wa Vim wameniandikia kwamba nimewasaliti, watu wa VS Code wakaandika kwamba naringa. Waandika programu ni wapole, wengine hata kuku hawawezi kumchinja, lakini ukiigusa edita ya mtu umemtukania ukoo.

Kwa wageni wa safu hii: mimi sikusomea kompyuta. Nilisomea uhazili, Tabora, 1991, kwenye mashine za taipu za chuma ambazo herufi A ilidai kidole kidogo chenye nguvu za mpiga ngoma. Mwalimu alitufunika mikono kwa kanga tusichungulie vitufe. Programu nilijifunza ofisini miaka saba baadaye, kwenye skrini ya buluu ya Turbo Pascal, nikiwa katibu muhtasi aliyechoka kuchapa barua zilezile za madeni kila mwisho wa mwezi. Kwa hiyo edita naipima kichapaji: mikono yangu iko wapi, na nimesubiri mara ngapi. Mengine ni mapambo.

Neno moja la lugha kabla ya barua. Maandishi ya programu vijana wanayaita "kodi", wataalamu wa lugha wanasema "msimbo". Mimi nasema kodi, ingawa wifi yangu hadi leo anaamini mwanawe kaajiriwa na watu wa mapato.

*

"Shikamoo mama. Nasoma chuo mwaka wa pili. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na diski ya zamani ya kuzunguka. Nikifungua Android Studio naenda kuoga, narudi, bado inapakia. Nikiwasha emuleta kila kitu kinaganda, hadi mausi. Wenzangu wanasema nihamie VS Code. Shida ni programu au ni mimi?"
— Mwenye Subira, Morogoro

Marahaba mwanangu. Shida si wewe. Google wenyewe, wenye hiyo Android Studio ya kutengenezea apu za simu, wameweka RAM ya GB 8 kuwa kiwango cha chini, na ukitaka emuleta wanapenda uwe na zaidi ya hapo. Umepakia abiria wa basi kwenye bajaji, halafu unamlaumu dereva.

Lakini ujue inafanya nini wakati wewe unaoga. Android Studio imejengwa juu ya IntelliJ IDEA ya JetBrains, ambayo ni IDE, yaani edita iliyobeba vifaa vyote vya ufundi, na tabia ya ukoo ule ni kusoma kila kitu kabla ya kazi kuanza: faili zako zote, maktaba zote za kodi ya wengine ulizoagiza, kisha inajitengenezea faharasa kama ya nyuma ya kitabu. Pembeni yupo Gradle, fundi wa kuunganisha vipande viwe apu, naye anadai RAM yake. Halafu emuleta, ambayo ni simu nzima ndani ya kompyuta. Hao ni watu wazima watatu kwenye kitanda cha futi tatu na nusu.

Wa kwanza kumtoa ni emuleta. Kama una simu ya Android, hata yenye kioo kilichopasuka, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, tafuta palipoandikwa Build number, ugonge mara saba. Simu itakwambia sasa umekuwa msanidi. Utaona menyu mpya. Washa humo USB debugging, chomeka waya, na Android Studio itapeleka apu yako moja kwa moja kwenye simu. Utapata pia faida ambayo emuleta haikupi: utaijua apu yako inavyokwenda kwenye simu ya bei ndogo, aina ambayo wateja wako wanayo.

Gradle mpunguzie chakula. Ndani ya mradi kuna faili inaitwa gradle.properties, na humo mstari unaoanza na org.gradle.jvmargs. Ukikuta -Xmx2048m, maana yake umemruhusu ale GB 2 kati ya 4 zako. Mshushe kidogo, ujenge tena, uone kama mradi wako mdogo unalalamika. Mara ya kwanza ataagiza mizigo mingi kutoka intaneti, hivyo fanya hayo kwenye Wi-Fi ya chuo usije ukamaliza bando. Baada ya hapo mweke kwenye hali ya nje ya mtandao, asitoke tena kwenda sokoni kila ukimwita.

Kisha kwenye menyu ya File kuna Power Save Mode. Ukiiwasha, Studio inaacha kukagua kodi yako chinichini. Utakosa mistari myekundu ya kukuonya, lakini kibodi itaacha kuandika herufi sekunde mbili baada ya wewe kuzibonyeza. Kwa mchapaji hilo ni jambo zito. Herufi ikichelewa, kichwa kinasimama kuingoja, na wazo lililokuwa nyuma yake linaondoka.

Kuhusu VS Code, wenzako wana nusu ya haki. Itafunguka upesi, na kwa Flutter, zana ya Google ya kujengea apu, inafaa kabisa. Ila usidhani umemkimbia Gradle: Flutter bado inamwita inapojenga apu ya Android. Na kama masomo yako ni ya Kotlin, lugha ya kuandikia apu za Android, utaukumbuka msaada wa Studio siku ya kwanza.

Ukipata hela, SSD (diski isiyozunguka) kwanza, RAM baadaye kidogo. Kabla ya kununua RAM mwombe fundi afungue mfuniko. Kompyuta nyingi nene za zamani zina nafasi ya pili iliyo wazi, lakini nyembamba za siku hizi baadhi yake RAM imechomelewa kwenye bodi na haiongezeki.

*

"Habari yako Bi. Ofisini kwetu tuko wanne, watatu tunatumia VS Code na mmoja anatumia Vim. Kila tukishika mausi anatucheka, anatuita watalii. Ni kweli Vim inamfanya mtu awe mwepesi, au ni majigambo tu?"
— Mtalii, Nairobi

Mtalii, mwambie mwenzako kwamba mimi nilifundishwa kuchapa nikiwa nimefunikwa mikono, kwa hiyo namwelewa kuliko anavyodhani. Kisha mwambie aache kelele.

Anachokipenda kina asili yake, na asili hiyo inaeleza karibu kila kioja cha Vim. Mwaka 1976 Bill Joy, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliandika edita iitwayo vi. Terminali yake, yaani skrini na kibodi ya kuongelea na kompyuta ya mbali, iliitwa ADM-3A, nayo haikuwa na vitufe vya mishale vya peke yake. Mishale ilichorwa juu ya herufi H, J, K na L. Ndiyo sababu hadi leo mtu wa Vim anashuka kwa j na kupanda kwa k. Kitufe cha Esc, cha kuacha kuandika na kurudi kwenye amri, kilikaa pale ilipo Tab siku hizi, kidole kidogo kinakigusa bila safari. Kwenye kibodi zetu kimehamishiwa pembe ya juu kabisa, na sasa watu wa Vim wanahangaika kukirudisha kwa kumnyang'anya Caps Lock kiti chake.

Na laini aliyoitumia ilikuwa ya modemu ya baudi 300, yaani kama herufi 30 kwa sekunde. Piga hesabu. Skrini ya mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja ni herufi 1,920. Kuichora upya skrini moja ni zaidi ya dakika nzima! Mtu anayeishi hivyo hatengenezi menyu za kushuka. Anatengeneza amri za herufi mbili: dw futa neno, dd futa mstari, yy nakili mstari. Ufupi huo haukuwa ushamba wala ujuaji. Ulikuwa ubahili wa mtu mwenye mtandao mbovu, jambo ambalo sisi hatuhitaji kufundishwa.

Vim yenyewe, vi iliyoboreshwa, ilikuja 1991, kazi ya Mholanzi Bram Moolenaar, kwanza kwa kompyuta za Amiga. Ukiifungua bila faili inatoa ujumbe mfupi wa kuomba uwasaidie watoto wa Uganda. Vijana wengi wa hapa kwetu wanauona na kudhani ni utani wa Wazungu. Si utani. Mwaka 1994 Bram alikaa mwaka mmoja Kibaale, mji mdogo wa kusini mwa Uganda katika eneo la Rakai, akishughulikia maji na usafi wa mazingira kwenye kituo cha watoto. Rakai ilikuwa imepigwa vibaya na UKIMWI, na yatima walikuwa wengi. Aliporudi Uholanzi akawa mtu wa kuwatafutia ada, na Vim akaitoa bure kwa ombi hilo moja tu: ukiipenda, wakumbuke wale. Alifariki Agosti 2023. Andika :help uganda ubonyeze Enter, usome maneno yake mwenyewe. Mimi niliitumia Vim miaka mingi kabla ya kuufungua ukurasa ule, na nilipoufungua niliona haya. Rakai iko jirani na Bukoba kwa wajomba zangu. Nilikuwa naitumia edita yenye kwao karibu na kwetu bila kujua.

Sasa swali lako. Wepesi upo au haupo?

Mwaka jana niliweka daftari la shule kando ya kibodi kwa wiki mbili. Kila mkono wangu ulipoiacha kibodi kufuata mausi, nachora kijiti. Kila niliposubiri, msalaba. Wiki ya kwanza VS Code tupu, ya pili Vim tupu, mradi uleule. Ukurasa wa VS Code ulijaa vijiti kama ua wa mabua. Wa Vim ulikuwa na vijiti vichache mno, ila uliota alama ya tatu ambayo sikuipanga: duara, kwa kila mara niliposimama nikiutazama ukuta kukumbuka amri. Na mimi Vim nimeianza zamani. Mtu wa wiki ya kwanza ukurasa wake ungekuwa maduara matupu.

Kisha nikaona vijiti vingi vya VS Code vilikuwa kosa langu mwenyewe. Wiki ya tatu nikafungia mausi kwenye droo. Ctrl na P, unaandika herufi chache za jina la faili, imefunguka. Ctrl, Shift na P, unaandika unachotaka kufanya, menyu yote iko pale. F12 inakupeleka pale jina lilipoanzia. Ctrl na D inashika neno linalofuata lililo sawa na ulilochagua, unayabadilisha pamoja. Ijumaa ilipofika nilikuwa nimefungua droo mara chache kabisa. Kwa hiyo mausi yenyewe hayana hatia, Mtalii. Wengi tunayashika kwa sababu hatujawahi kukaa nusu saa na karatasi ya vitufe.

Kama mchapaji nina lalamiko moja kwa wana Vim, na hakuna aliyewahi kunijibu vizuri. Mkono wa kulia hukaa J, K, L na nukta-mkato. Hiyo H mnayoisifu inakitaka kidole cha shahada kijivute pembeni kila mara. Mwalimu wangu wa Tabora angekipiga rula.

Kuna jambo ambalo mwenzako huenda hajakwambia. Zamani kila edita ililazimika kufundishwa kila lugha peke yake, ndiyo maana IDE kubwa zilikuwa na akili na edita ndogo zilikuwa mbumbumbu. Mwaka 2016 Microsoft, pamoja na kampuni za Red Hat na Codenvy, walitangaza utaratibu unaoitwa Language Server Protocol. Kila lugha ya programu inakuwa na seva yake, programu ya pembeni inayoelewa kodi, na edita yoyote inaweza kuiuliza: hili jina limetoka wapi, hapa pana kosa gani. Mkiandika lugha ya Go, VS Code yako inaiuliza gopls, seva ya Go, na kama mwenzako kaifunga vizuri Vim yake, naye anaiuliza gopls hiyohiyo. Akili mmechangia. Mnachogombania ni mikono tu.

Hata hivyo jifunze Vim kidogo, hata kama huipendi, kwa sababu ya seva za aina nyingine: kompyuta za mbali zinazoendesha mifumo ya wateja. Karibu kila seva ya Linux utakayoingia utaikuta vi au ndugu yake imekaa inakungoja. VS Code nayo inaweza kufanya kazi kwenye seva ya mbali, lakini kwanza inapeleka huko kipande chake kikubwa, na seva ya bei ya chini yenye RAM ya nusu GB inapiga magoti. Mimi nilikuwa Singida msibani, saa nane za usiku, mteja anapiga simu mfumo umelala. Kompyuta nimeiacha Dar. Nilikuwa na simu, Termux (apu ya kuandikia amri), na mtandao wa kutambaa. Nikaingia kwenye seva, nikafungua faili kwa vi, nikarekebisha mstari mmoja kwenye skrini ya inchi sita huku wamama wakidhani natuma rambirambi. Usiku ule nilimwelewa Bill Joy na modemu yake kuliko nilivyowahi kumwelewa mtu yeyote wa kompyuta.

Kwa hiyo: i kuanza kuandika, Esc kuacha, u kutengua, alama ya mkwaju kutafuta, :w kuhifadhi, :q kutoka. Hizo sita zinakutosha kufika asubuhi.

*

"Mama, mimi Notepad++ inanitosha miaka kumi sasa. Vijana wapya wananiona mzee. Kuna sababu ya kweli ya kuhamia hizo IDE nzito?"
— Mzee wa Kazi, Arusha

Notepad++ naiheshimu. Don Ho aliitoa 2003, ni nyepesi, na hadi leo faili kubwa za kumbukumbu za mfumo nazifungulia humo, maana edita nyingine zinaanza kutweta. Lakini nikusimulie kitu kilichonipata, uamue mwenyewe.

Mwaka 2009 nilikuwa naandika mfumo wa watu wanaokodisha magari, hapa Dar. Kwenye kodi nilikuwa na jina "kodi" likimaanisha malipo ya serikali, na hesabu zilianza kunichanganya na malipo ya gari lenyewe. Nikaamua lile la serikali liitwe "ushuru". Nikafungua dirisha la kutafuta na kubadilisha la Notepad++, tafuta "kodi", weka "ushuru", faili zote, bonyeza. Likafanya kazi kwa sekunde moja nikajiona bingwa. Nikaenda kulala.

Asubuhi mteja kapiga simu. Hana hasira, anauliza tu kwa upole hii risiti ina Kiswahili cha wapi. Risiti ilisema: "Gari limeushurushwa kwa siku tatu." Chini yake, penye sahihi: "Mushurushaji."

Soma tena taratibu utaona kilichotokea. Neno "kodi" lilikuwa limejificha ndani ya "limekodishwa" na "mkodishaji", na edita yangu ilikuwa inaona herufi tu. Haikujua lipi ni jina la kwenye programu na lipi ni maandishi ya kusomwa na mtu. IntelliJ inajua. Ukiweka kishale juu ya jina na kubonyeza Shift na F6, inabadilisha jina hilo kila mahali linapotumika, maandishi inayaacha ukitaka. Kwenye VS Code ni F2. Ule uzito wa faharasa niliomweleza Mwenye Subira hapo juu ndio unaonunua kitu hiki.

Nisiionee Notepad++: ina kisanduku cha kulinganisha neno zima peke yake, nami sikukiwekea tiki. Kingeniokoa na "limeushurushwa". Kisingeniokoa pale penye sentensi iliyokuwa na neno "kodi" limesimama lenyewe, nazo zilikuwepo.

Kama kazi zako ni faili mbili tatu, baki ulipo na waache wakuite mzee. Zikifika faili mia, na hasa kama majina unayaandika kwa Kiswahili, lugha yenye viambishi mbele na nyuma, hama.

*

"Bi mwandishi, mimi sioni tangu utotoni. Naandika Python nikisaidiwa na NVDA inayonisomea skrini. Hadi sasa nimekuwa nikitumia Notepad ya kawaida. Kazi mpya wanataka nitumie edita 'ya kisasa'. Niogope?"
— Msikilizaji, Kisumu

Hapa mimi ndiye mwanafunzi. Kazini nina kijana ambaye naye haoni, na barua yako ilipofika nilimwomba nikae naye mchana mmoja, skrini imezimwa. Sauti ya NVDA aliiweka kasi ambayo mimi nilisikia kama mnadishaji wa mitumba anayekimbizwa na mgambo. Yeye alisikia kila neno.

Anakwambia usiogope, nenda VS Code, maana imetengenezwa kwa kuwafikiria wanaosikiliza skrini. Alt na F1 inakufungulia maelezo ya msaada yanayohusu mahali ulipo. F8 inakurusha kwenye kosa linalofuata na kukusomea lilivyo. Kuna milio pia: kishale kikifika kwenye mstari wenye kosa unasikia mlio wake, ukifika penye kituo cha kusimamishia programu unasikia mwingine. Kwa macho yangu hayo ni mapambo. Kwake ndiyo mistari myekundu.

Kuhusu nafasi za mwanzo wa mstari, ambazo kwenye lugha ya Python ndiyo roho ya mambo maana zinaonyesha mstari upi uko ndani ya upi, alinionyesha kitu ambacho kilinifurahisha. Ndani ya NVDA, kwenye mipangilio ya muundo wa hati, unaweza kuchagua nafasi hizo zitamkwe kwa maneno, au zitoe mlio unaobadilika kadiri mstari unavyoingia ndani. Alichagua mlio. Alishuka na kodi yake mstari kwa mstari, nikaisikia ikipanda na kushuka kama ngazi, na alijua kabla yangu kwamba mstari mmoja uko nje ya nyumba yake.

Ikitokea wanakulazimisha IntelliJ au ndugu yake PyCharm, uliza kwanza kama mtu amewasha humo msaada wa visoma skrini. Bila hiyo utasikia kimya. Na ukipenda historia, tafuta habari za T. V. Raman, mwanasayansi wa kompyuta asiyeona aliyeifanya Emacs, edita nyingine kongwe, iongee tangu miaka ya 1990 kwa kazi yake iitwayo Emacspeak. Edita "za kisasa" zimemkuta njiani.

*

"Asalaam aleikum. Nafundisha sekondari, Pemba. Tumepata kompyuta nane, intaneti inakuja na kuondoka. Wanafunzi waanze Python na edita gani?"
— Mwalimu wa Zamu

Waaleikum salaam mwalimu. Thonny. Imetengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanaoanza. Inakuja na Python yake ndani, hivyo ukishaipakua mara moja unaibeba kwenye flashi na kuzunguka nayo kompyuta zote nane bila kuomba mtandao. Ina dirisha la kuonyesha kila jina limebeba nini wakati huo. Ukiendesha programu hatua kwa hatua, inaonyesha hesabu ikikokotolewa kipande kwa kipande, kama unavyofanya ubaoni.

Usiwape VS Code mwezi wa kwanza. Itawauliza kufunga ekstensheni (viongezo), kuchagua Python ipi, kuamini folda au kutoiamini, na mtoto ataona kwamba kompyuta ni kitu cha kuulizwa maswali na kushindwa kujibu. Na wafundishe kuchapa! Dakika kumi kila kipindi, vidole vya kushoto juu ya ASDF, kanga juu ya mikono.

*

"Nilikuwa mtu wa Atom. Kwa nini waliiua?"
— Mfiwa, Dodoma

Pole. GitHub, jukwaa la kuhifadhia kodi, waliizindua edita hiyo 2014, Microsoft wakainunua GitHub 2018, na nyumba moja ikawa na edita mbili. Atom ilifungwa rasmi Desemba 15, 2022. Lililo chungu zaidi ni kwamba msingi uliotengenezwa kwa ajili ya Atom, unaoitwa Electron, ndio VS Code imesimama juu yake. Baadhi ya waliokuwa wakiijenga Atom wametoa edita mpya, Zed, nayo ni nyepesi. Ijaribu arobaini ikipita.

*

"Mama nisaidie haraka. Niko ndani ya Vim na siwezi kutoka. Nimebonyeza kila kitu."
— Nimenasa, Mwanza

Barua yako ni ya tarehe 3, imenifikia tarehe 19, kwa hiyo natumaini umeme umeshakatika ukakutoa. Kama bado umo: bonyeza Esc, andika :q! kisha Enter. Uliyoandika yatapotea, wewe utapona.

Kama umeme ndio uliokutoa, ukiifungua tena faili ile Vim itakupigia kelele kwamba imekuta faili ya akiba inayoishia na .swp. Usiogope, iliandika siri ulipokuwa umenasa. Bonyeza R irudishe uliyoyaandika, hakiki kama ndiyo, hifadhi kwa :w, kisha toka ufute ile .swp, la sivyo itakuuliza swali hilohilo kila siku.

Na hayo uliyobonyeza ukihangaika, nayo utayakuta humo yote.